Ndege Wako Yuko Mita Ngapi?

Mhadhara wa wazi uliotolewa Buswelu, Mwanza



Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa kamera na lenzi kwa mtu anayepiga picha za ndege kwa kupenda tu, si kwa kutafuta riziki. Nitasema mapema ninakoelekea, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa maswali. Kwa mkazi wa Buswelu, na wa Ilemela na Nyamagana kwa jumla, ushauri mwingi unaotolewa duniani kuhusu vifaa vya kupigia ndege unamtoa mtu fedha bila sababu. Wanaoutoa ni watu ambao ndege wao huwakimbia. Wetu, walio wengi, hawatukimbii. Basi kabla ya kuuliza kamera gani au lenzi milimita ngapi, jiulize hili: yule ndege unayemtaka, ukishamsogelea kadiri anavyokuruhusu, anabaki mita ngapi?

Tuanzie Kirumba. Pale Mwaloni, samaki wanaposhushwa, korongo wale wakubwa wenye upara na mfuko wa nyama shingoni husimama katikati ya wachuuzi, na mara nyingi mbeba gunia ndiye anayewapisha. Urefu wa korongo huyo hufika mita 1.5. Mwewe wanashuka kuokota matumbo ya samaki mbele ya macho yenu. Mdiria mwenye madoa meusi na meupe ana kituo chake kwenye kamba ya mtumbwi, na kabla ya kujitosa majini huning'inia hewani akipiga mabawa papo hapo, akikupa nafasi ya kufokasi ambayo mdiria wengine hawaitoi. Yangeyange wanafuata ng'ombe hadi kwenye viwanja vyetu. Na ukitazama mtini juu ya maji ukaona rundo la vijiti lenye upana wa mita moja na zaidi, hilo ni kazi ya fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kilichochongoka nyuma, ambaye watu wa sehemu nyingi za Afrika humwogopa na kwa hiyo humwacha ajenge kwa amani. Hofu hiyo, kwa mpiga picha, ni msaada.

Kuna Saanane pia. Kile kisiwa kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na eneo lote la hifadhi ni kilomita za mraba 2.18 tu. Mashua kutoka Capri Point ni safari ya dakika chache. Katika eneo dogo namna hiyo, ndege hana pa kwenda mbali, na ameshazoea wageni.

Lakini nisiwadanganye kwamba ndege wote wa Mwanza ni wapole. Palipo na watoto wenye manati, njiwa hasogeleki. Mnaoishi karibu na shule mnajua: ndege yuleyule anayekuacha ufike hatua tano huko mwaloni, hapa kwetu anaruka ukiwa bado hujafungua begi. Kwa hiyo umbali haumo ndani ya ndege peke yake. Umo pia katika historia yake na watu wa mtaa ule.

Sasa tuingie kwenye hesabu, na naomba msiogope, ni ya darasa la saba. Chukua urefu wa ndege kwa mita, gawanya kwa umbali wake kwa mita, kisha zidisha kwa milimita za lenzi. Jibu ni ukubwa wa sura ya ndege juu ya kihisi, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Mdiria wetu ana urefu wa sentimita 25 hivi, yaani robo mita. Akiwa mita 10, na lenzi yako ni ya milimita 400, sura yake itakuwa milimita 10. Kamera ndogo za Canon zina kihisi chenye upana wa milimita 22 na kidogo. Maana yake mdiria amechukua karibu nusu ya upana wa picha, na hiyo ni picha ya kutundika ukutani. Mrudishe mita 20, anabaki milimita 5. Ukiwa na ile lenzi nyepesi ya 55 hadi 250 inayouzwa pamoja na kamera nyingi, mdiria wa mita 10 atakupa milimita 6 na robo, na hiyo bado ni picha nzuri tu.

Korongo wa Kirumba akiwa mita 10, kwa lenzi ya kawaida kabisa ya 18 hadi 55, anafikisha milimita 8. Mwenye lenzi ya 600 pale Mwaloni atarudi nyumbani na picha za vichwa bila miili.

Tai mla samaki ndiye kila mtu anamtaka. Mabawa yake yakitandazwa yana mita 2 na zaidi. Akiruka mita 30 kutoka kwenye mtumbwi wako, lenzi ya 400 inamtandaza kwa zaidi ya milimita 26. Kihisi cha milimita 22 hakimtoshi, ncha za mabawa zitakatwa. Kwa hiyo hata huyu, ambaye kwa sababu yake watu hukopa fedha wanunue lenzi ya 600, mara nyingi anapigwa vizuri zaidi kwa 300.

Mgumu ni kasuku mdogo. Namzungumzia yule wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Jina lake la kisayansi, Agapornis fischeri, alipewa mwaka 1887 kwa heshima ya Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyesafiri katika nchi hizi. Kwao ni hapa, kusini na kusini mashariki mwa ziwa, na dunia nzima inamjua kwa kumfungia vizimbani. Urefu wake ni sentimita 15 tu. Akiwa mita 20, lenzi ya 400 inampa milimita 3. Ukiongeza fedha ukanunua ya 600, anakuwa milimita 4 na nusu. Ukibaki na ya 400 ukajongea hadi mita 10, anakuwa milimita 6. Nusu ya njia ilikupa zaidi ya milimita 200 za kioo, na haikutozwa ushuru bandarini.

Hapo ndipo swali la bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, linapoingia, na linaingia kwa mlango usiotarajiwa. Wengi hapa mtapata kamera kwa njia mbili: mtumba kutoka kwa wapiga picha wa harusi, au ndugu anayerudi kutoka Dubai. Wapiga picha wa harusi wanapenda bodi zenye kihisi kikubwa, fulifremu, kama Canon 5D Mark III ya mwaka 2012. Kwa bibi harusi ukumbini usiku, hiyo ni mashine ya heshima. Kwa kasuku mchana, tazama. Kihisi chake kina nukta, yaani pikseli, 5,760 katika upana wa milimita 36. Kasuku wetu wa milimita 3 anapata nukta 480. Canon R7 ya mwaka 2022, yenye kihisi kidogo, imebana nukta 6,960 katika milimita 22 na kidogo, na kasuku yuleyule, kwa lenzi ileile, anapata zaidi ya 900. Ukimkata na kumkuza, tofauti mtaiona bila miwani. Hii ndiyo sababu mpiga ndege asimwonee wivu mpiga harusi, isipokuwa alfajiri na jioni, maana mwanga ukififia nukta kubwa za fulifremu hutoa picha safi zaidi.

Kama fedha hazifiki R7, kuna bodi mbili za zamani ambazo kwa maoni yangu bado hazijazeeka kwa kazi hii: Canon 7D Mark II ya 2014 na Nikon D500 ya 2016. Zote zina nukta milioni 20 hivi, zote hupiga picha 10 kwa sekunde, na zote zilitengenezwa kwa kufuata kitu kinachokimbia. Kati ya hizo, D500 ni bora, hasa mwanga unapopungua. Lakini 7D Mark II ina jambo moja la Mwanza: betri yake, LP-E6, ni ya ukoo mmoja na ya 5D Mark III, 6D, 70D na 80D. Jumamosi umeme ukikatika kabla hujachaji, nusu ya wapiga picha wa harusi mjini wanaweza kukuazima. Hakuna jarida la kamera litakalowaambia hili.

Kamera mpya zisizo na kioo ndani zimebadilisha kitu kimoja kikubwa. Tangu 2020, Canon ilipotoa R5 na R6, mashine inaweza kutafuta jicho la ndege yenyewe na kulishikilia. R7 na mdogo wake R10 zimerithi hilo. Mtu mwenye mikono isiyotulia, au macho yaliyoanza kuchoka, atapata picha za tai akiruka ambazo zamani zilihitaji miaka ya mazoezi. Wazee wenzangu, msiwasikilize wanaosema huo ni udanganyifu. Tahadhari moja: kwenye mafunjo, ambako majani yanapita mbele ya ndege, mashine hushika jani. Hapo jifunzeni kutumia nukta moja ya fokasi, kama zamani.

Na tahadhari kwa wanunuzi wa Nikon wa mtumba, kwa sababu hili linawakamata wengi. Bodi ndogo, kuanzia D3100 hadi D3500 na D5100 hadi D5600, hazina mota ya fokasi ndani. Ukizifunga lenzi ya zamani isiyo na mota yake, utazungusha kwa mkono maisha yako yote. Tafuta maandishi AF-S ubavuni. Kinyume chake, D90 ya mwaka 2008, ambayo bado inazunguka sana mitaani, ina mota lakini haielewani na lenzi ya Nikon ya 200 hadi 500 iliyotoka 2015, kwa sababu tundu la kupitishia mwanga la lenzi hiyo linaendeshwa kwa umeme. Mtauziwa vitu viwili vizima ambavyo havijuani. Fungeni lenzi kwenye bodi mbele ya muuzaji, pigeni, ndipo mtoe fedha. Upande wa Canon mambo ni mepesi: lenzi za EF, zilizoanza 1987, zinakaa kwenye bodi za EF, na kwa adapta zinakaa hata kwenye R7.

Katika lenzi, nitataja chache na kuwaambia ninavyozipenda. Canon EF 400 ya f/5.6 ilitoka 1993. Haina zumu, haina kizuia mtikisiko, na ina kilo moja na robo. Ni kali, ni nyepesi, na fokasi yake ni ya haraka. Kwa ndege wanaoruka kwenye jua la Mwanza, sijui mtumba mwingine unaoipita kwa thamani. Ubaya wake ni kwamba haikaribii chini ya mita 3.5, na jioni, bila kizuia mtikisiko, inakwisha mapema. EF 100 hadi 400 ya kwanza, ya 1998, ile ya kuvuta na kusukuma, inafaa sana mwaloni kwa sababu korongo na mdiria hawako umbali mmoja. Ila ikaguliwe vumbi. Toleo lake la pili, la 2014, ni zuri kuliko yote mawili na bei inajua hivyo.

Lenzi za 150 hadi 600 za Tamron na Sigma, pamoja na ile Nikon ya 200 hadi 500, zimewafungulia watu wa kawaida mlango uliokuwa wa matajiri. Ile Sigma nyepesi, Contemporary ya 2015, ina karibu kilo 2. Ile Nikon inazidi kilo 2. Jiulize utaibebaje. Kwenye daladala la Buswelu saa kumi na moja alfajiri, umebanwa, begi mapajani? Kwenye bodaboda? Lenzi inayobaki kabatini haina milimita hata moja. Kwa anayetembea kwa miguu kati ya mawe haya ya Mwanza, Canon RF 100 hadi 400 ya 2021 ina gramu 635, na ikikaa kwenye R10 mzigo wote ni kilo moja na kidogo. Wataalamu wanaidharau kwa sababu tundu lake ni dogo, f/8 mwisho wa zumu. Mimi siidharau.

Tundu, hata hivyo, lina hesabu yake. Jua kamili, ISO 400, lenzi ya f/5.6 inakupa kasi ya shata ya 1/3200 ya sekunde. Lenzi ya f/11, kama zile Canon za 600 na 800 za mwaka 2020, itakupa 1/800 katika jua hilohilo. Kwa ndege aliyetulia inatosha. Kwa mdiria anayejitosa ni ndogo. Huyo anahitaji 1/2000 au zaidi. Sasa fikiria saa moja asubuhi, mwanga ukiwa moja ya nane ya huo: f/5.6 inabaki na 1/400, f/11 inabaki na 1/100. Na kwetu, karibu na ikweta, jua linapanda wima. Mwanga wa dhahabu tunaousikia kwenye vitabu vya Ulaya, huko hudumu muda mrefu zaidi. Hapa ukichelewa kumaliza chai, umepita. Kuanzia saa nne hivi mawe yameshapata moto, hewa juu yake na juu ya ziwa inacheza, na ndege wa mbali anatoka kama aliyechorwa kwenye maji. Hakuna lenzi inayotibu hilo, hata ya bei ya gari. Hali hiyo inazidi kuwa mbaya kadiri umbali unavyozidi, na ndiyo sababu nyingine ya kusogea badala ya kununua.

Mchana ule, badala ya kulazimisha, geukieni mjusi wetu wa mwambani mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu. Wanasayansi wamempa jina la mji huu, Agama mwanzae. Si ndege, najua. Lakini anatulia juani wakati ndege wamejificha, na ni mazoezi mazuri ya kufokasi jichoni.

Kuhusu zile kamera za zumu kubwa zisizobadilishwa lenzi, Nikon P900 ya 2015 na P1000 ya 2018: ya pili inatangazwa kuwa sawa na milimita 3,000. Ni kweli kwa upana wa picha. Lakini kihisi chake kina upana wa milimita 6 hivi tu, na mwanga ukipungua kidogo manyoya yanageuka uji. Ndege akiruka, utaona anga tupu. Hata hivyo mtu anayetaka kumtambua ndege kwenye kisiwa cha mbali na kuandika kumbukumbu yake kwenye eBird, mfumo wa Chuo Kikuu cha Cornell uliopo tangu 2002, au kuuchangia mradi wa Tanzania Bird Atlas, atahudumiwa vizuri na P900 kuliko na lenzi fupi ya kifahari. Picha mbaya inayoonyesha alama ya bawa ina thamani ya kitaaluma. Inategemea unataka nini.

Mtumba ukaguliwe kwa tochi. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, tazama mbele. Nyuzi nyeupe zinazotambaa kama mizizi ni fangasi. Usinunue, na usiiweke hata kwenye begi moja na lenzi zako. Vumbi kidogo halina neno. Omba uonyeshwe idadi ya mibofyo: shata ya 7D Mark II na ya D500 zilipimwa kwa mibofyo 200,000, na kamera ya harusi hufika huko bila kujua. Unyevu wa ziwa ni adui wa kudumu, kwa hiyo sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana na vifuko vya kunyonya unyevu ni sehemu ya bei ya lenzi. Na wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji mithili ya moshi: wakija, usibadilishe lenzi hata kama tai amekaa mbele yako.

Lenzi ndefu inazua maneno. Mwaloni, waombe watu ruhusa kwanza. Mvuvi hajui kama unampiga mdiria au unampiga yeye na nyavu zake. Karibu na uwanja wa ndege, wale wa chuma, iache begini kabisa. Na kasuku wakiwa kwenye tundu la kiota, msiweke mahali pale mtandaoni. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, lakini mwenye kizimba hasomi picha yako kama wewe unavyoisoma, na simu nyingi huandika mahali ndani ya picha bila kukuuliza.

Kabla hamjaenda dukani, chagueni ndege watatu mnaowapenda, na mwende mara kadhaa mikono mitupu mhesabu hatua: anaruka ukiwa umbali gani asubuhi, umbali gani jioni, ukiwa umesimama, ukiwa umechuchumaa. Andikeni. Kisha fanyeni ile hesabu ya darasa la saba, na mmpelekee muuzaji namba badala ya kumuuliza yeye. Bei sikuitaja popote kwa makusudi, maana kabla maneno haya hayajachapwa dola itakuwa imeshasogea.

Maswali sasa. Naona yule kijana wa nyuma amenyanyua mkono tangu niliposema habari ya P1000. Haya, karibu, lakini uje nayo mbele tuione.